Unawatafuta samurai Japani? Kamakura, Himeji, Kanazawa na Aizu zikipimwa pamoja

Anayekwenda Japani kwa kozi, biashara au matembezi mara nyingi hubakiwa na siku moja au mbili za kujitawala. Akisema anataka kuona mambo ya samurai, wenyeji watamwelekeza Himeji. Si ushauri mbaya. Ila samurai walishika usukani wa nchi ile kwa takriban miaka 700, kuanzia karne ya 12 hadi miaka ya 1860, na katika muda huo walibadilika mno. Mpanda farasi wa mwaka 1185, aliyeishi na kufa kwa upinde wake, asingemwelewa mjukuu wake wa mwaka 1785 aliyechomeka panga mbili kiunoni na kushinda ofisini akikagua hesabu za mchele. Hakuna mji mmoja unaowaonyesha wote wawili. Amua kwanza unamtaka samurai yupi, ndipo ukate tiketi ya treni.

Nimechagua miji minne inayofikika bila taabu ukiwa Tokyo au Osaka. Msimamo wangu nautoa mapema: mwenye nafasi ya mji mmoja tu, na anayetaka kuwaelewa watu hawa kuliko kuwapigia picha, aende Kanazawa. Kuna hali tatu hivi ambapo ningebadili ushauri huo, na nitazitaja tukifika.

Kamakura: enzi ya upinde

Serikali ya kwanza ya samurai ilizaliwa hapa, mwendo wa saa moja hivi kwa treni ya kawaida kutoka stesheni ya Tokyo. Minamoto no Yoritomo aliweka makao Kamakura mwaka 1180. Mwaka 1185 jeshi lake likawamaliza mahasimu wao wa ukoo wa Taira katika pambano la baharini la Dan-no-ura, na mwaka 1192 akapewa cheo cha shogun, yaani jemadari mkuu. Mfalme alibaki Kyoto na heshima zake zote, lakini habari za ardhi, kodi na kesi za wapiganaji zikawa zinaamuliwa Kamakura.

Uzuri wa mji huu ni kwamba ardhi yenyewe inakueleza kwa nini ulichaguliwa. Vilima vimeuzunguka pande tatu, upande wa nne ni bahari, na njia za kuingilia zilichongwa kwenye miamba, nyembamba kiasi cha farasi wachache kupita kwa safu. Baadhi ya njia hizo bado unaweza kuzitembea kwa miguu. Barabara kuu inanyooka kutoka ufukweni hadi hekalu la Tsurugaoka Hachimangu, la Hachiman, mungu ambaye Waminamoto walimwomba vitani. Kwenye ngazi za hekalu hilo ndiko shogun wa tatu, Sanetomo, alikouawa na mpwa wake mwaka 1219. Baada yake mashogun wakawa wa jina tu. Nguvu ilishikwa na ukoo wa Hojo, wakweze Yoritomo.

Kamakura inasahihisha jambo moja ambalo sinema zimetuharibia: upanga haukuwa silaha kuu ya samurai wa mwanzo. Sifa yake ilikuwa kulenga shabaha farasi akiwa mbioni. Ukifika Septemba, wakati wa sikukuu ya hekalu, utawaona wapanda farasi wakipiga shabaha tatu mfululizo kwa mishale, mchezo unaoitwa yabusame. Hakuna makumbusho yatakayokufundisha hivyo.

Kasoro yake ni kubwa pia. Hakuna nyumba hata moja ya samurai iliyobaki. Makao ya shogun yamebaki jiwe la kumbukumbu kando ya mtaa. Mji ulitekwa mwaka 1333 na jeshi la Nitta Yoshisada, na Wahojo kwa mamia wakajiua kwenye hekalu la ukoo wao. Kilichosalimika zaidi ni vitu vya dini: Buddha mkubwa wa shaba wa karne ya 13, ambaye jengo lake lilisombwa na dhoruba akabaki nje juani, na mahekalu ya Zen kama Engaku-ji, lililojengwa mwaka 1282 baada ya uvamizi wa Wamongolia ili kuwaombea waliokufa wa pande zote mbili. Asiyependa kutembea na kuwazia kisichoonekana atachoka haraka. Na usiende Jumapili. Nusu ya Tokyo itakuwa imekutangulia.

Himeji: ngome ya bwana

Himeji inamfaa aliye Osaka au Kyoto na ana siku moja. Kutoka Osaka ni saa moja kwa treni. Ukitoka stesheni unaiona ngome mbele yako, nyeupe, mwisho wa barabara iliyonyooka. Wajapani huifananisha na korongo mweupe anayetaka kuruka. Ngome hii ilichukua umbo lake la sasa mwaka 1609 mikononi mwa Ikeda Terumasa, mkwewe Tokugawa Ieyasu, mwanzilishi wa ukoo wa mwisho wa mashogun, wakati ambapo vita vya karne nzima vilikuwa vimetulia lakini hakuna aliyeamini kwamba vimekwisha.

Ubora wake ni uhalisi. Ngome nyingi unazoziona kwenye picha za Japani ni za zege. Ya Osaka, kwa mfano, ilijengwa upya mwaka 1931 na ina lifti. Minara mikuu ya asili iliyobaki nchi nzima ni 12 tu, na wa Himeji ndio mkubwa kuliko yote. Mwaka 1945 mji ulichomwa kwa mabomu, na bomu moja lililotua kwenye mnara halikulipuka. UNESCO iliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 1993. Kwa hiyo mbao unazokanyaga ni mbao zilizokanyagwa na wenyewe, ukiondoa zilizobadilishwa katika matengenezo makubwa, ya mwisho yakiwa yamekamilika mwaka 2015.

Njia ya kupandia ndiyo darasa lenyewe. Inazunguka, inarudi nyuma, inakupeleka mbali na mnara pale unapodhani umekaribia. Malango yanazidi kupungua kimo. Kuta zina matundu ya pembetatu, mraba na duara ya kurushia mishale na risasi. Adui angepita njia yote hiyo akiwa ubavu wazi. Kwenye msingi utaona hata mawe ya taa za hekalu na majeneza ya kale yaliyochukuliwa kwa haraka mawe yalipopungua.

Lakini ukiingia ndani unakuta vyumba vitupu. Wageni wengi hushuka wakinong'ona kwamba hakuna kitu. Mnara haukuwa nyumba. Ulikuwa ghala, mahali pa ulinzi, na kimbilio la mwisho mambo yakiharibika. Bwana mwenyewe aliishi kwenye kasri la chini ambalo halipo tena, na samurai wake waliishi kwenye mitaa iliyozunguka, ambayo nayo haipo. Bustani ya Koko-en iliyo kando, iliyofunguliwa mwaka 1992, imepandwa juu ya viwanja vya nyumba hizo. Himeji inakuonyesha uwezo wa bwana. Samurai wa kawaida utamkosa.

Ngazi za ndani ni kali kama za kupandia dari, na viatu unavua na kuvibeba mkononi. Mwenye matatizo ya magoti atosheke na nje.

Kanazawa: samurai wa mshahara

Sasa tufike kwa huyu ambaye filamu hazimtaki. Baada ya mwaka 1615, familia ya Toyotomi, mahasimu wa mwisho wa Tokugawa, ilipoangamizwa Osaka, Japani ilikaa zaidi ya miaka 200 bila vita vikubwa. Samurai na jamaa zao, ambao walikuwa kati ya watu 5 na 7 katika kila 100, wakabaki na vyeo na panga bila pa kuzitumia. Wakawa makarani, wakusanya kodi, walimu, walinzi wa malango, wasimamizi wa mifereji. Walilipwa kwa mchele. Kipimo chake ni koku, kama lita 180, kiasi kilichohesabiwa kumlisha mtu mmoja mwaka mzima, na heshima ya mtu ilijulikana kwa idadi ya koku zake.

Hakuna pa kuliona jambo hili vizuri kuliko Kanazawa, saa mbili na nusu hivi kutoka Tokyo kwa treni ya kasi, shinkansen. Maeda Toshiie aliingia hapa mwaka 1583, na wajukuu zake wakatawala jimbo la zaidi ya koku milioni moja, tajiri kuliko yote ukiacha milki za Tokugawa wenyewe. Utajiri huo uliwatia hofu. Tokugawa waliwatazama kwa jicho la shaka, na tangu 1635 sheria iliwalazimu mabwana wa majimbo kama wao kwenda kuishi Edo, Tokyo ya leo, mwaka mmoja kwa kupokezana, huku wake na watoto wakibaki kule wakati wote. Msafara wa Maeda ulikuwa na watu maelfu, na gharama yake ndiyo iliyokusudiwa. Ukiwa Tokyo waweza kuona lango jekundu la mwaka 1827 la jumba lao. Leo ni lango la Chuo Kikuu cha Tokyo.

Maeda walijibu hofu kwa akili. Fedha ambazo zingenunua bunduki walizimimina kwenye chai, tamthilia za No, vyombo vya kauri, vitambaa vya kutiwa rangi na kazi za dhahabu. Karakana yao ya kutengeneza deraya ikageuka karakana ya sanaa. Mpaka leo karibu dhahabu yote ya kubandika inayotengenezwa Japani, ile inayopondwa hadi kuwa nyembamba kuliko karatasi, inatoka Kanazawa. Shujaa akishinda anachagua rangi ya bakuli la chai, tunaweza kumcheka. Lakini sehemu kubwa ya kile ambacho dunia inakiita utamaduni wa Japani ilitunzwa na watu wa namna hii, waliokuwa na muda, posho na adabu kali ya nyumbani.

Nenda mtaa wa Nagamachi. Vichochoro vina kuta za udongo wa rangi ya dhahabu, na wakati wa baridi hufunikwa mikeka ya majani ya mpunga ili theluji isizimong'onyoe. Ingia nyumba ya Nomura, familia iliyokuwa na posho ya koku zaidi ya elfu moja. Kuna deraya, kuna panga, na kuna barua ya bwana mmoja akimshukuru askari wake kwa kumletea kichwa cha adui, imeandikwa kwa utulivu wa risiti. Halafu bustani ndogo yenye maji, ambayo ukiketi kibarazani hutaki kuondoka. Jambo ambalo wageni wengi hawaambiwi: vyumba vizuri zaidi vya nyumba hiyo vilihamishwa kutoka kwa tajiri mmoja mwenye meli za biashara. Samurai walipoondolewa posho zao nyumba ya asili ilibomolewa, na fedha za mfanyabiashara ndizo zilizorudisha fahari ya mahali. Historia yote ya karne ya 19 imo humo.

Hatua chache mbele kuna nyumba mbili za ashigaru, askari wa miguu wa daraja la chini kabisa. Kuingia ni bure na watu hupita bila kuziona. Ni nyumba ndogo, paa la mbao lililozuiwa kwa mawe, bustani ya kupanda mboga na miti ya matunda. Simama hapo baada ya kutoka kwa Nomura na utaelewa umbali uliokuwepo kati ya samurai na samurai. Binafsi naona dakika ishirini za nyumba hizi zinazidi saa tatu za ngome nyingi.

Ngome ya Kanazawa yenyewe si ya kujivunia sana. Mnara wake mkuu uliungua kwa radi mwaka 1602 na haukujengwa tena. Sehemu nyingi unazoziona ni mpya, ingawa lango la Ishikawa-mon ni la mwaka 1788. Bustani ya Kenroku-en iliyo jirani inastahili sifa zake zote. Hali ya hewa ndiyo mtihani. Wenyeji wana msemo kwamba ukisahau chakula cha mchana ni sawa, usisahau mwavuli.

Aizu-Wakamatsu: waliokuwa upande ulioshindwa

Aizu iko milimani, Fukushima, karibu saa tatu kutoka Tokyo: shinkansen hadi Koriyama, kisha treni ya polepole. Hapa samurai wanakufa kwa majina yao.

Matsudaira Katamori, bwana wa Aizu, alipewa mwaka 1862 kazi ya kulinda Kyoto kwa niaba ya shogun. Utawala wa Tokugawa ulipoanguka na majimbo ya Satsuma na Choshu kuunda serikali mpya kwa jina la mfalme, Aizu ikahesabiwa adui. Mwaka 1868 jeshi la serikali, lenye mizinga na bunduki za kisasa, liliizingira ngome ya Tsuruga kwa takriban mwezi mmoja. Wanawake walikuwemo ndani wakipika, wakiuguza na kuzima mabomu kwa nguo zilizoloweshwa. Yae, binti wa mwalimu wa silaha, alipigana kwa bunduki aina ya Spencer. Nakano Takeko aliongoza wanawake wenye mikuki ya naginata nje ya kuta, akafa kwa risasi. Katika nyumba ya Saigo Tanomo, mshauri mkuu, wanawake na watoto 21 walijiua ili wasitekwe.

Kisa kinachojulikana zaidi ni cha vijana wa Byakkotai, kikosi cha akiba cha Aizu. Ishirini kati yao, wa miaka 16 na 17, walirudi nyuma hadi kilima cha Iimori, wakaona moshi ukipanda kutoka mjini, wakadhani ngome imeanguka. Haikuwa imeanguka. Walijiua, mmoja, Iinuma Sadakichi, akaokolewa, na ni kwake ndiko mengi yalikojulikana. Makaburi yao yako kilimani, na mwaka 1928 Italia ya Mussolini ilileta pale nguzo ya mawe kuwasifu. Nguzo hiyo ingali pale. Itazame vizuri kabla ya kusisimka, kwa kuwa inaonyesha jinsi vifo vya watoto waliokosea kusoma moshi vilivyokuja kuwafaa watu wengine kabisa.

Mji una pia Nisshinkan, shule ya jimbo iliyoanzishwa mwaka 1803 na kujengwa upya mahali pengine. Kabla ya kuingia shule, watoto wa kiume walikuwa wakikariri kanuni: uwatii wakubwa, usiseme uongo, usimwonee mnyonge, usile njiani, na mwisho, lisilofaa halifai. Ukitoka hapo kwenda kilimani, kisa cha vijana wale kinabadilika sura.

Uhalisi wa majengo ni mdogo. Mnara wa asili ulibomolewa mwaka 1874, na wa sasa ni wa zege, wa mwaka 1965. Nyumba ya Saigo nayo ni ya kujengwa upya. Kwa hiyo mpenda mbao za kale atavunjika moyo, lakini mpenda visa hatapata mji wenye uzito kama huu. Ndiyo hali yangu ya kwanza ya kubadili ushauri: ukiwa umekwisha kusoma kidogo habari za samurai na unajua Tokugawa ni nani, ruka Kanazawa, nenda Aizu.

Ya pili ni ukiwa na watoto. Mtoto wa miaka kumi hataki kusikia habari za koku. Mpeleke Himeji akahesabu matundu ya bunduki. Na ya tatu ni ukiwa na nusu siku tu kabla ya ndege kuondoka Tokyo. Hapo ni Kamakura, bila ubishi.

Na Yasuke je?

Swali hili haliepukiki kwa msomaji wa kwetu. Yasuke, Mwafrika aliyefika Japani mwaka 1579 pamoja na Mjesuiti Alessandro Valignano, na ambaye wengi humtaja kuwa wa Msumbiji, alipelekwa mwaka 1581 mbele ya Oda Nobunaga, bwana wa vita mwenye nguvu kuliko wote wakati ule. Akapewa posho, nyumba na upanga mfupi, akawa naye hadi Nobunaga alipofia kwenye hekalu la Honno-ji mwaka 1582. Wanahistoria wanabishana kama aitwe samurai au mtumishi wa karibu. Kwa msafiri, jambo gumu ni kwamba hakuna hata mji mmoja kati ya hii minne unaomhusu. Honno-ji ya sasa, Kyoto, si pale ilipokuwa. Pa kwenda ni magofu ya Azuchi, kando ya ziwa Biwa, ngome ya Nobunaga iliyoungua mwaka huohuo wa 1582: ngazi pana za mawe zinazopanda kilimani na msingi mtupu juu yake.

Zikipimwa kwa haraka

Kwa umbali kutoka Tokyo, Kamakura inashinda zote, na Himeji ndiyo ya mbali zaidi, kama saa tatu au zaidi kwa shinkansen. Kutoka Osaka mambo yanageuka. Kwa majengo ya asili, Himeji haina mshindani hapa. Anayetaka ngome ya asili lakini hapendi msongamano afikirie Matsumoto, nyeusi na ndogo zaidi, iliyouzwa mnadani baada ya mwaka 1870 na kuokolewa na mwenyeji mmoja, Ichikawa Ryozo. Kwa nyumba za samurai, Kanazawa. Ila Kakunodate kule kaskazini, mji ulioanzishwa mwaka 1620, una mtaa wao uliotunzwa vizuri zaidi pengine, na mwezi wa Aprili vichochoro vyake hujaa sana wapenda maua ya micheri. Anayefuata mwisho kabisa wa samurai, yaani uasi wao ulioongozwa na Saigo Takamori na kuzimwa Septemba 1877, itabidi ashuke hadi Kagoshima, na hiyo ni siku nzima ya treni.

Mwenye siku nne akiwa na makao Tokyo anaweza kufanya Kamakura nusu siku, Kanazawa siku mbili akilala huko, na Aizu siku moja akiondoka na treni ya alfajiri. Kwa mpangilio huo anawafuata kuanzia mwaka 1180 hadi 1868 bila kuruka karne nyingi, na Himeji inaweza kungoja safari itakayotua Osaka. Kanazawa na Aizu zisiwekwe Januari kama hujazoea theluji. Mwisho wa Oktoba na Novemba ndiyo miezi ambayo bustani na vilima vyote viwili vinalipa nauli.